Mzee wa Hola alipata jibu. Sisi wa Kisii tumeuliza nini?

Machi 3, 1959, kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Wafungwa waliokuwa wamekataa kazi ya lazima walitolewa nje wakaamriwa kuchimba. Hawakutaka. Askari jela wakawashukia kwa virungu, na watu 11 wakafa kutokana na kipigo hicho. Kati ya waliobaki wamelala chini alikuwemo Wambugu wa Nyingi, mwanamume wa miaka thelathini hivi, amezirai. Wakamhesabu na maiti, wakamweka na maiti. Baadaye ndipo ikajulikana kumbe huyu bado anapumua.

Serikali ya mkoloni ikatoa taarifa yake rasmi. Ati wale watu walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa mkokoteni wa maji.

Maji! Mtu amevunjwa fuvu, unasema ni maji.

Miaka 50 baadaye, Juni 2009, Wambugu huyohuyo, sasa mzee wa mkongojo, alikuwa London. Yeye na wenzake wanne, Ndiku Mutua, Paulo Muoka Nzili, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, walienda kuishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama za Uingereza. Kila mmoja alikuwa amebeba lake mwilini. Kuna waliohasiwa. Kuna waliodhalilishwa kingono wakiwa wasichana. Wambugu alikuwa amekaa kizuizini miaka tisa hivi bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Alipoulizwa kwa nini anahangaika na uzee wake wote huo, jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba anataka dunia ijue ile miaka aliyoipoteza, na kile ambacho kizazi chake kilinyang'anywa.

Najua venye utaniuliza. Wewe mtu wa Keumbu, mambo ya Mau Mau yanakuhusu nini? Si hiyo ni stori ya Mlima Kenya?

Hata mimi ndivyo nilivyofundishwa. Shuleni Mau Mau ilikuwa swali la alama tano: taja sababu, taja viongozi, taja matokeo. Sisi wa Kisii tulikuwa kama watazamaji kwenye hiyo mechi. Lakini ngoja kidogo. Ukiisoma kesi ya hawa wazee hadi mwisho, utafika Kisii bila kupanda matatu. Nitakuonyesha njia.

Kwanza kesi yenyewe, maana wengi wetu tunajua tu kwamba "wazee walilipwa" na hapo basi.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952 na ikadumu hadi 1960. Katika miaka hiyo watu 1,090 walinyongwa kwa amri ya mahakama. Waliowekwa kambini bila kesi ni angalau 80,000, na hiyo ni hesabu ya chini. Wako wanaosema ni mara mbili ya hapo. Uhuru ulipofika, hakuna aliyewauliza chochote. Cha kushangaza zaidi, Mau Mau ilibaki marufuku kisheria katika Kenya huru kwa miaka 40. Marufuku iliondolewa 2003, wakati wa Kibaki. Kwa hivyo mzee aliyepigania nchi hakuweza hata kuandikisha chama chenye jina hilo hadi mimi nikiwa tayari najua kutembea. Marufuku ilipoondoka, Chama cha Maveterani wa Vita vya Mau Mau kikaandikishwa, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika la kiraia, ikaanza kukusanya ushahidi kijiji kwa kijiji, na kampuni ya mawakili ya Leigh Day ya London ikachukua kesi.

Serikali ya Uingereza haikusema kwamba mateso hayakufanyika. Soma hapo mara mbili. Ilisema kitu kingine kabisa: kwamba hata kama yalifanyika, deni hilo lilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, Desemba 12, 1963. Yaani mtu anakupiga kwenye nyumba yako, halafu akihama anakuachia risiti ya kulipia hospitali. Julai 2011 Jaji McCombe aliitupilia mbali hoja hiyo. Akasema wazee wana kesi ya kusikilizwa.

Wakaja na ya pili. Muda umepita. Mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimechakaa, haiwezekani kuwa na kesi ya haki.

Na hapa ndipo mambo ya karatasi yanapoingia. Naomba usiruke hii sehemu, ndiyo tamu.

Wanahistoria waliokuwa wakiwasaidia wazee, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walikuwa na shaka ya muda mrefu kwamba kuna mafaili yaliyotoka Nairobi kabla ya uhuru na hayajulikani yalikoenda. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza iliulizwa, ikaulizwa tena. Mwanzoni mwa 2011 ikakubali: ndiyo, yapo. Yalikuwa Hanslope Park, jumba la serikali lenye ulinzi mkali kaskazini mwa London. Masanduku takriban 300 kutoka Kenya peke yake, mafaili kama 1,500. Na si Kenya tu. Mafaili 8,800 hivi kutoka makoloni 37 yalikuwa yamekaa humo kimya, miaka karibu 50, huku wizara ikiwaambia watu hakuna kitu.

Jinsi yalivyofika huko ni stori nyingine. Mwaka 1961 waziri wa makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo kwamba serikali mpya zisiachiwe karatasi ambazo zinaweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Maafisa wakaanza kuchambua. Mafaili mengine yaliwekewa alama maalum, na yaliweza kushikwa tu na afisa Mwingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika hata kama alikuwa amefanya kazi ofisi hiyo miaka 20 hakuruhusiwa kuyaona. Mengine yalichomwa moto. Maagizo yalieleza hadi namna ya kuzamisha masanduku baharini: yawekewe uzito, yatupwe kwenye kina kirefu. Kile ambacho hawakuthubutu kukichoma wala kukizamisha ndicho kilipanda ndege.

Ndani ya haya yote ya Kenya kulikuwa na nini? Barua moja inatosha. Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, anamwandikia Gavana Baring kuhusu utaratibu mpya wa kuwapiga wafungwa wanaokaidi. Mwanasheria Mkuu, mtu wa sheria namba moja nchini. Anaeleza wapigwe vipi ili isionekane, na sehemu gani za mwili ziepukwe. Kisha anamwambia gavana kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Kwa hivyo Hola ya 1959 haikuwa askari jela wachache waliopandwa na hasira. Miaka miwili kabla ya ile taarifa ya maji, ofisi kubwa kabisa nchini zilikuwa zinaandikiana barua kuhusu kipigo.

Oktoba 2012 Jaji McCombe alitoa uamuzi wa pili. Kufikia hapo wazee walikuwa wamebaki watatu kortini: Mara, Nzili na Wambugu. Susan Ngondi alikufa 2010, na Mutua naye hakufika mwisho wa safari. Jaji alisema kesi ya haki bado inawezekana, na sababu yake kubwa ilikuwa karatasi. Wakoloni walikuwa hodari wa kuandika kila kitu. Yale mafaili waliyoyaficha ili wasishtakiwe ndiyo yakawa sababu ya kushtakiwa.

Juni 6, 2013 waziri William Hague alisimama Bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni, na kwamba serikali yake inajuta kwa dhati. Pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228, gharama za kesi zikiwemo. Ukipiga hesabu, kila mtu alipata takriban pauni 2,600, pesa ya Kenya kitu kama 340,000. Bei ya pikipiki tatu hivi za wakati huo. Na hata siku hiyohiyo Hague alisisitiza kwamba Uingereza haikubali kuwa na deni la kisheria. Mwaka 2015 mnara ukazinduliwa Uhuru Park, umelipiwa na Uingereza. Nimepita hapo mara nyingi. Watu hukaa karibu nao kula njugu.

Wazee walioshangilia siku ya Hague hawakushangilia pikipiki. Walikuwa wameitwa magaidi, wauaji, waongo. Sasa serikali iliyowaita hivyo ilikuwa imesema mbele ya bunge lake kwamba mliyosema ni kweli.

Ila kuna sehemu ambayo hatupendi kuisimulia. Wazee wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi ya pili. Hiyo ilitupwa 2018. Jaji mwingine, mahakama hiyohiyo, na mara hii hoja ya muda kupita ikashika. Sheria ilikuwa ileile na vita vilikuwa vilevile. Miaka michache tu ya kuchelewa, na ushahidi wa watu binafsi ambao haukuweza kupimwa tena, na elfu arobaini wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa twende Kisii.

Ukitoka Kisii mjini ukielekea Keroka unapita Keumbu. Wamama wa ndizi, boda wamejipanga, kelele ya makanga. Huo mji unaotoka nyuma yako, wazee wanauita Getembe, na pia Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Jina lenyewe ni historia tosha. Wazungu waliweka ofisi yao pale 1907, miaka miwili baada ya jeshi kuja mara ya kwanza na bunduki ya Maksim, ile ya kumwaga risasi, dhidi ya watu wenye mikuki na ngao. Afisa aliyewekwa Getembe aliitwa Northcote. Wagusii wakambatiza Nyarigoti.

Januari 1908 kijana wa Kitutu aitwaye Otenyo Nyamaterere alimvizia Nyarigoti akamchoma mkuki. Mama mtabiri, Moraa, ndiye anayetajwa kuwa aliyewasha moto huo kwa maneno yake. Northcote hakufa. Lakini jeshi lilikuja, King's African Rifles, yaani KAR, na likaipita nchi ya Wagusii likichoma nyumba, likichukua ng'ombe na kuua watu. Otenyo alikamatwa akauawa. Simulizi yetu inasema walimkata kichwa kikapelekwa Uingereza, na hadi leo wako wanaodai kirudishwe.

Hapo ndipo wengi husema: hizo ni hadithi za wazee, nani ana ushahidi?

Basi sikia. Mapema 1908, ripoti za operesheni ya Kisii zilifika London kwenye meza ya naibu waziri wa makoloni, kijana wa miaka 33. Hakuzipenda. Akaandika kwamba watu 160 wameshauawa na upande wao hakuna aliyeumia zaidi, kwamba jambo hilo linafanana na uchinjaji, na kwamba haiwezekani iwe lazima kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa kiasi kikubwa namna hiyo. Akaongeza hofu yake nyingine: Bunge likilipata hili, mipango yao yote ya Afrika Mashariki itaingia doa.

Kijana huyo anaitwa Winston Churchill.

Ndiyo, yule yule. Na Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa Kenya, nani alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza? Yeye. Miaka 44 katikati, na mtu ambaye alishaiona Kisii kwenye karatasi akaiita kwa jina lake ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kiti kambi zilipofunguliwa. Sijui kama alikumbuka. Ninachojua ni kwamba hakuna anayeweza kusema hawakujua. Kwa upande wetu mashahidi wa 1908 wanaitwa hadithi. Kwa upande wao shahidi ni Churchill.

Naye Northcote? Alipona vizuri sana. Alipanda cheo hadi akawa gavana wa British Guiana, kisha wa Hong Kong kutoka 1937 hadi 1941. Kule Hong Kong chuo cha walimu kilipewa jina lake.

Mimi hili jambo lilinishika kwa sababu ya mtu mmoja wa kwetu ambaye sikuwahi kumwona.

Magokoro, nyanya yangu mzaa mama, ana miaka 80 na kitu. Mwaka juzi, nikiwa nimeacha chuo na sina la kufanya, nilikuwa naketi naye jikoni tukimenya ndizi. Nikamuuliza kuhusu koti kuukuu la rangi ya kaki ambalo mama hulitaja. Akasema lilikuwa la babake. Alikuwa KAR. Alipelekwa Burma Vita vya Pili, kule ambako kikosi cha Afrika Mashariki kilipigana na Wajapani mwaka 1944 kwenye mabonde ya malaria. Alirudi na hilo koti na masikio yasiyosikia vizuri.

"Magokoro, alikuambia nini kuhusu vita?"

"Hakuniambia. Alimwuliza babake."

Sikuelewa. Akaeleza polepole, kama mtu anayetoa kitu kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa siku nyingi. Babake babake alikuwa mvulana wa kuchunga ng'ombe Getembe ilipoungua. Aliona nyumba yao ikichomwa. Aliona ng'ombe wakipelekwa. Aliowaona wakifanya hivyo hawakuwa Wazungu, isipokuwa wachache waliokuwa nyuma wakiamrisha. Walikuwa askari weusi waliovaa kaki, wanaongea lugha asiyoijua. Miaka karibu 40 baadaye mtoto wake wa kumzaa akaingia boma amevaa kaki hiyohiyo.

"Basi yule mzee akaliangalia lile koti," magokoro akasema. "Akamwambia, hawa ndio walikuja."

Na huyo mwanajeshi, babu yangu wa tatu, ambaye alikuwa amepigana upande mwingine wa dunia kwa ajili ya mfalme wa watu wengine, hakujua. Hakuna aliyemwambia alipokuwa anaandikishwa. Magokoro anasema baada ya siku hiyo alianza kuuliza. Aliwauliza wazee wa Nyaribari. Alimwuliza chifu, na chifu akamwambia akae kimya kama anataka amani na pensheni. Aliuliza ni nani alitoa amri, ng'ombe walienda wapi, na waliozikwa walizikwa wapi. Aliuliza hadi watu wakaanza kumkwepa sokoni. Koti hakulivaa tena, lakini hakulitupa. Alikufa akiwa bado anauliza.

Hiyo pensheni nayo tusiiguse sana, nitakasirika. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba Uingereza iliwalipa askari wake wa Afrika marupurupu ya kumaliza vita kwa kufuata rangi ya ngozi: Mzungu wa cheo kilekile aliweza kupata hadi mara tatu ya Mwafrika. Utaratibu huo nao ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi, kama kawaida yao.

Nikiweka hawa wazee wawili pamoja, Wambugu na huyu wetu wa Keumbu, naona walitaka kitu kimoja. Mmoja alikuwa amepigwa na serikali, mwingine alikuwa ameitumikia. Wote wawili walitaka aliyefanya aseme. Tofauti ni kwamba Wambugu aliishi hadi karatasi zikapatikana. Huyu wetu alikuwa anawauliza watu ambao jibu walikuwa hawana, kwa sababu jibu lilikuwa London.

Na tusijidanganye kwamba uchungu wote ni wa Mzungu. Kambi za Mau Mau zilikuwa na homugadi, majirani waliowapiga majirani. Nyumba za Kisii za 1908 zilichomwa na mikono ya Waafrika waliolipwa mshahara. Ndiyo maana baada ya uhuru ilikuwa rahisi kwa kila mtu kunyamaza. Ukianza kuuliza nani alishika kirungu, unaweza kufika kwenye mlango wa mtu mkubwa, au kwenye koti la babu yako. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake 2013 ilipewa jukumu la kuchunguza kuanzia Desemba 12, 1963 hadi Februari 2008. Mambo ya kabla ya hapo yaliwekwa kama utangulizi tu. Kwa hivyo kisheria mtu wa Kisii wa 1908 hana tume.

Majirani zetu hawakungoja tume. Endelea na barabara hiyohiyo ya Keumbu, upite Keroka, utaingia Sotik, halafu Kericho. Wakipsigis na Watalai waliofukuzwa kwenye ardhi ambayo leo ni mashamba ya chai walipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, na 2021 wataalamu wa huko wakaiandikia Uingereza kueleza wasiwasi wao. Mwaka 2022 wakaenda hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Wanandi nao, fimbo za Koitalel arap Samoei, ambaye aliuawa 1905 na Meinertzhagen kwa hila ya mazungumzo ya amani, zilirudi 2006, na bado wanadai kichwa chake. Mfalme Charles alipokuja Nairobi Oktoba 2023 alisema kulikuwa na vitendo vya ukatili vya kuchukiza visivyo na udhuru wowote. Neno la kuomba msamaha halikutoka. Wengine walikasirika, na mimi nawaelewa, lakini angalau Mau Mau walikuwa na kitu mezani cha kumfanya azungumze.

Sisi Wagusii mezani tuna nini? Tuna wimbo, tuna jina la Otenyo, tuna mizozo ya wanasiasa wanaolikumbuka jina hilo wakati wa kampeni. Sidharau. Lakini London hawaogopi wimbo.

Karatasi zipo, na si lazima uwe profesa. Nyaraka za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki kuanzia 1905 ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, chini ya namba CO 533. Mafaili ya Hanslope yalianza kufunguliwa 2012 na yako FCO 141. Orodha yake unaipekua kwa simu, bure, ukiwa kwa foleni ya benki. Hapa kwetu Nairobi, lile jengo la Hifadhi ya Taifa pale Moi Avenue, ambalo wengi wetu hulitumia kama mahali pa kukutana na mtu tu, lina mafaili ya wilaya ya Kisii. Ukiingia ndani kuna chumba cha kusomea. Wanakupa fomu, unalipa kidogo, unaletewa faili. Nilienda. Nilikuwa kijana peke yangu siku hiyo. Wengine walikuwa Wazungu wawili na mzee mmoja aliyekuwa anatafuta mipaka ya shamba.

Ila karatasi ina tatizo lake. Inakuambia ng'ombe wangapi walichukuliwa, haikuambii walikuwa wa nani. Inasema watu 160, haisemi majina. Jaji wa 2012 aliwasikiliza wazee kwa sababu walikuwa na vyote viwili: faili lililosema kipigo kiliagizwa, na mtu aliye hai wa kusema kipigo hicho kilikuwa changu. Kwa 1908 hakuna aliye hai. Waliobaki ni wajukuu wa walioona, akina magokoro, na hao nao wanapungua kila Desemba tukirudi nyumbani. Hadithi ya kichwa cha Otenyo itabaki hadithi mpaka mtu aweke pembeni yake nani alisimulia, alisikia kwa nani, boma gani, mto gani.

Niliporudi Keumbu mara ya mwisho nilimrekodi magokoro kwa simu, saa moja na dakika 12. Miaka ya Wazungu haijui. Anahesabu kwa njaa, kwa nzige, kwa tohara ya nani. Lakini ana majina matatu ya watu wa boma lao ambao hawakurudi siku ile, na anajua mti ambao ng'ombe walikusanywa chini yake kabla ya kuondolewa. Mti ulishakatwa. Mahali pake sasa pana duka la mpesa. Aliyataja majina hayo mara mbili, akanifanya niyarudie, akanisahihisha jinsi ya kutamka moja, kisha akaniuliza kama nimeyaandika au nimeyaacha tu ndani ya simu.